Makubadhi Juu ya Kabati

Jumatatu, 6 Januari
Chai, mkate wa kumimina, samaki wa kukaanga. Baba kala, kisha akaanza kutafuta makubadhi yake ya ngozi avae. Nimeyaficha juu ya kabati. Tangu mama afariki nikamleta hapa mjini Chake, kila siku anataka kwenda kondeni kwa miguu. Watu watasema nina mshahara na babangu bado analima muhogo. Akae apumzike.

Jumatano, 8 Januari
Jirani yangu Bi Mize kanisifu. Hajaona mtoto anayemtunza mzee namna hii: yuko barazani tu, kila kitu anapelekewa. Nimefurahi mno. Jioni nikampikia pweza wa tui zito.

Jumanne, 14 Januari
Baba kapanda ngazi za baraza, akasimama, mkono kifuani. Kifua kinambana. Mwaka jana alikuwa akipanda mlima na kikapu cha muhogo. Naogopa. Kesho hospitali.

Ijumaa, 17 Januari
Majibu ya damu. Daktari katueleza taratibu. Kolestro si moja. Ile mbaya huganda kwenye mishipa, ile nzuri huizoa ikairudisha kwenye ini. Ya Baba mbaya iko juu, nzuri iko chini. Akamuuliza kama anatembea.
"Kidogo, daktari."
Baba kanisitiri. Bora angenisema.
Kapewa dawa. Tui lipungue, samaki achomwe. Moyo upimwe, kisha atembee, maana kutembea husaidia ile nzuri. Daktari kasema umri nao unachangia, nisijilaumu. Najilaumu. Nilimkalisha babangu kwenye kiti cha plastiki nikadhani natafuta radhi.

Jumapili, 19 Januari
Nimeshindwa kumwomba msamaha. Kila nikifungua mdomo naishia kumuuliza kama anataka chai. Bi Mize kaleta sambusa za mzee. Nimezila mwenyewe jikoni, kwa hasira.

Jumamosi, 25 Januari
Moyo umepimwa juzi. Karuhusiwa kutembea, polepole, akibanwa apumzike.
Asubuhi nimeyashusha makubadhi. Ngozi imekakamaa. Nikayafuta, nikayaweka mlangoni. Baba kayavaa, hakuuliza yalikuwa wapi. Tumekwenda hadi msikitini na kurudi, yeye mbele, mimi nyuma.
Tulipofika akayavua, akanipa mkononi.
"Haya mwanangu, yarudishe juu ya kabati."
Kumbe alijua siku zote. Nimeyaacha mlangoni.