Nilijificha Nyuma ya Kiti cha Nabil

Mamangu mzazi,

Ulinikataza kugombana na watu, nami nimezeeka nikigombana nao. Magazetini nimegombana na mawaziri, na mashehe, na wanaume wanaoandika kuhusu uzazi kana kwamba waliwahi kuzaa. Leo ni zamu yako. Umelala mwaka wa sita sasa na huwezi kunijibu. Najua si haki. Lakini hata ulipokuwa hai, swali hili hukulijibu.

Swali ni kaka yangu Fuad.

Unakumbuka alivyokuwa akitembea kwa ncha za vidole, na vigimbi vyake vilivyojaa, hata mtaa mzima ukasema huyu atakuwa mchezaji mpira? Unakumbuka alivyokuwa akiinuka mkekani: mikono magotini, kisha mapajani, akijipanda mwenyewe kama mtu apandaye ngazi? Alipofika miaka kumi miguu ikakataa. Ukamhamishia chumba cha uani. Wageni wakija ulifunga mlango, ukanambia niongeze sauti ya redio. Walipomuulizia, ulisema yuko Lamu kwa masomo.

"Sitara, mwanangu," ulinambia. "Ya ndani hayatoki nje."

Alifariki ana miaka kumi na saba. Watu waliokuja matangani walistaajabu kwamba muda wote ule alikuwa pale pale, hatua ishirini kutoka kwenye viti walivyokalia wakinywa kahawa yako. Na ni wewe uliyenifundisha kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Ulikuwa ukiwasema majirani.

Sikugombezi kwamba hukumpenda. Nilikuona ukimgeuza kitandani kila baada ya saa chache ili asipate vidonda. Kipande cha katikati cha mkate wa sinia kilikuwa chake, na ole wangu mimi nikikigusa. Ulimpenda kuliko ulivyonipenda mimi, na sikuwahi kukuonea wivu, kwa sababu mimi nilikuwa na jua na njia, naye alikuwa na dirisha moja lililotazama ukuta.

Daktari wa hapa Dubai alinichorea mambo yalivyo kwenye kipande cha karatasi. Ugonjwa ule wa kudhoofika misuli ulipita kwako, ukapita kwangu, bila kutugusa mimi na wewe, ukamshika Nabil. Mjukuu wako ana miaka kumi na miwili. Ana kiti cha mota, na ana mdomo, na huo mdomo ni urithi wangu. Nchi hii huwaita watu kama yeye watu wa azma. Nabil anasema mwenye azma ni lifti ya jengo letu, siku ikiamua kufanya kazi.

Sasa nikueleze usilolijua. Mwaka wa pili baada ya kukuzika, nilianza kutoka damu chooni. Utumbo wangu mpana umevimba na una vidonda, na si ugonjwa wa kupona, ni wa kutulizwa. Ugonjwa huo ukiamka, haunipi hata dakika mbili za kufika chooni. Mimi na Nabil tulimeza vidonge vya aina moja kwa miezi, yeye kwa misuli, mimi kwa utumbo, na mashavu yetu yakavimba pamoja. Nilipotuma picha kwenye kundi la ukoo, Mombasa nzima ilijibu: mashallah, mmenawiri, Dubai imewakubali. Nabil alicheka mpaka akakohoa.

Na mimi, niandikaye juu ya kila kitu, utumbo wangu niliuficha. Aliyejua ni mume wangu peke yake, na Nabil, kwa sababu nilimhitaji.

Nilikuwa na hofu moja. Tangu ulipofariki, Mama Mkubwa, dada yako, amekaa katika nyumba yako akitaka Nabil arudishwe alelewe huko. Niliona kwamba siku ukoo utakapojua mamake naye anaumwa, watakutana, watasoma dua, kisha watamtuma mtu kuja kumchukua. Basi nikabuni hila. Tunakaa International City. Tunapanda basi hadi Rashidiya, halafu metro. Popote tumbo liliponikamata, nilikishika kiti cha Nabil na kusema, "Samahani, mtoto anataka choo." Watu hupisha. Tukiingia kwenye kile choo kikubwa cha wenye viti, yeye hugeukia ukuta, huvaa vile vya kusikilizia muziki, hungoja. Miaka mitatu, na hakuwahi kulalamika.

Baridi ilipoanza mwaka huu, Mama Mkubwa alikuja kututembelea wiki mbili na kununua vitambaa. Asubuhi moja tulikuwa tunakwenda Bur Dubai, na pale kituoni Rashidiya nikatumia hila yangu mara ya tatu kabla hata ya saa nne. Tulikawia. Tulipotoka nilimkuta anamsimulia mfanya usafi wa kituo, msichana wa Kikisii, kwamba maskini mtoto hata haja zimemshinda, kutwa yu chooni, na mamake ameng'ang'ania tu.

Jioni yake aliniketisha. Alisema ameshaongea na wajomba zangu. Nabil atasafiri naye Alhamisi.

"Chumba kipo," alisema. "Kile cha Fuad. Nimekipaka rangi."

Mama, ngao yangu ndiyo iliyokuwa imegeuka ushahidi. Uongo niliousema ili nisinyang'anywe mwanangu ndio uliokuwa unamchukua. Nikafungua kinywa kubishana, na hoja ninazo, nimesoma vitabu vya kujaza nyumba. Nabil akanitangulia.

"Bibi, mimi siendi huko chooni. Mimi natazama ukuta tu." Kisha akanigeukia. "Mama, mwambie."

Nikamwambia. Damu, vidonda, hospitali ninakodungwa dawa ya mshipa kila wiki nane, siku nilizochapa maombi ya viza ya watu ofisini huku nimeuma meno. Nikangoja aone huruma.

"Basi ndiyo zaidi," alisema. "Mgonjwa hamuuguzi mgonjwa."

Kwa hiyo hofu yangu haikuwa ya kijinga. Nataka ulijue hilo, kwa sababu nadhani na yako haikuwa ya kijinga. Lakini hofu kuwa ya kweli hakuifanyi iwe na haki ya kuamua. Nilimjibu kwamba mgonjwa anamuuguza mgonjwa kila siku, na asubuhi ile ile mimi nilikuwa nimemwogesha Nabil na kumvisha viatu. Nikamwambia Fuad aliuguzwa na mtu mzima wa afya, na miaka saba hakuliona jua. Mama Mkubwa akalia. Mimi sikulia, wala sikupandisha sauti. Nilisema Nabil hasafiri. Mume wangu, ambaye ugomvi wetu humfanya akimbilie roshani, aliingia ndani akasema, "Hasafiri." Akaenda kuinjika chai.

Dada yako aliondoka Alhamisi peke yake, bila kuniaga vizuri.

Tangu siku hiyo nimesema. Nimemwambia mwenye ofisi, akanihamishia meza karibu na mlango. Nimewaandikia kundi la ukoo. Kituoni sasa nasema ni mimi, nakimbia peke yangu, na Nabil hubaki nje akibishana mpira na yule Mkisii.

Juzi, baada ya alasiri, Mama Mkubwa alipiga simu. Alisalimia kwa marefu. Kisha akasema kuna mtoto wa jirani, ana miaka minne, anaanguka anguka, na akiinuka hujishika mapaja.

"Jirani gani?" nikamuuliza.

Akataja jina. Nilimkumbusha kwamba hao walihama mimi bado niko shule. Nikasikia jogoo na honi za huko kwenu.

"Wa Zuhura," akasema.

Zuhura ni bintiye. Damu yake ni yako na yangu. Nilimtajia daktari wa aina gani amtafute na kipimo gani aombe, nikamfanya aandike na anisomee. Nikamwambia amweleze Zuhura leo hii. Akasema hawezi, tena akaniomba, kwa ajili yako, nisifukue yaliyokwisha.

Hayajakwisha, Mama. Yana miaka minne na yanaanguka uani kwako.

Nikimaliza barua hii nitampigia Zuhura. Haiwezekani nimweleze bila kuanza na Fuad: jina lake, vigimbi vyake, mlango na redio. Nitayatoa nje yote uliyoyafunga, na ukoo utasema nimekuvua nguo kaburini. Wacha waseme. Nitasema pia habari za mkate wa sinia, ili ajue ulikuwa mama wa namna gani.

Ruhusa siiombi. Radhi naiomba.

Bintiyo,
nduguye Fuad, mamake Nabil