Nomino Karatasi Nyekundu

3 Machi

Mwanangu mwalimu,

Hujambo? Mimi mzima, ni mgongo tu unaonisumbua. Hapa kwenye chumba cha kufulia cha hospitali wametuletea balaa. Ijumaa ya wiki ijayo tunapimwa Kiingereza: unapewa neno, useme ni nomino, kitenzi au kivumishi. Ukishindwa, huna mkataba. Na bila mkataba, dawa za mama yako nitazitoa wapi? Kichwa kimegoma. Nisaidie.

Baba yako

5 Machi

Shikamoo baba,

Mama hajambo, anakusalimia sana. Usibabaike. Kukariri kitandani utasinzia tu, nakujua! Kata karatasi za rangi, uzibandike hapo kazini. Nomino nyekundu: "door", "soap", "sheet". Vitenzi njano: "wash", "fold". Vivumishi kijani: "wet", "clean". Kila ukipita, taja kwa sauti. Wakikucheka, shauri yao.

Mwanao

11 Machi

Mwalimu weee, umenimaliza! Salamu baadaye.

Hapa kwetu karatasi nyekundu inawekwa kwenye mashuka ya wagonjwa wenye maradhi ya kuambukiza. Naijua sheria hiyo hata usingizini, lakini nomino zilinitoa akili. Leo asubuhi wamekuta mlango, sabuni, rafu nzima ya mashuka safi, mpaka kiti cha msimamizi, vyote vyekundu. Tumetolewa nje mbio. Mashuka yote yamefuliwa upya, na wodini wagonjwa wamelalia magodoro matupu. Kesho naitwa ofisini. Naogopa, mwanangu. Mama yako asijue.

Baba

14 Machi

Shikamoo baba,

Umekwenda? Wamesemaje? Mbona kimya? Nimeshindwa kuvumilia, nimemwambia mama. Nilidhani atalia. Amenifokea mimi: "Unamfundisha mtu kazini kwake bila kumuuliza kazi yake ikoje?" Kisha akasema urudi hata na begi tupu, dawa zitajulikana hukuhuku. Nisamehe baba. Nijibu basi, hata neno moja.

Mwanao

15 Machi

Mwanangu,

Hamjambo nyote? Mimi mzima.

Msimamizi aliniacha nifanye mtihani kwa sababu jina langu lilikuwa limeshapelekwa. Kila neno walilonipa nililijua. Sikukosa hata moja, wallahi! Msimamizi mwenyewe alinipa mkono. Halafu akanipa barua: mkataba hauongezwi, kwa ajili ya yale mashuka.

Sijakukasirikia. Nilitamani tu umwone baba yako akijibu.

Nafika Jumapili. Njooni mnipokee wote wawili.

Baba yako