Hodi Kwenye Mlango wa Kijani

Kaka Hemedi,

Shikamoo. Najua ungeikataa. Ulikuwa ukisema shikamoo yangu inakuotesha mvi, na kwamba mimi na wewe ni wa kutaniana, si wa kuamkiana. Sasa huna la kufanya, ipokee tu.

Nakuandikia nikiwa na hasira, nikuambie mapema. Wenzangu huwaandikia marehemu wao huku machozi yakidondoka. Mimi nililia nikamaliza, halafu Fadhili akanipa sababu nyingine ya kukunja uso. Fadhili huyuhuyu mshirika wako, uliyekuwa ukimtetea kwamba hajui kompyuta lakini anajua watu. Kaka yangu, kompyuta hajui, na watu ndio kabisa.

Hata arobaini yako haijasomwa, alikuja na mafundi wakaung'oa mlango. Mlango wetu wa mbao, wa kijani, ambao Mzee Jayanti mwenye nyumba alisema rangi yake aliianza baba yake, na kila ikichakaa yeye huirudishia ileile. Mtu akitoka popote akiuliza duka la intaneti la Hemedi, hakuambiwa mtaa wala namba ya nyumba. Aliambiwa shuka Msimbazi, ingia uchochoro wa wauza vitenge, utaona mlango wa kijani. Basi. Hata kipofu alifika. Fadhili akaweka kioo cha kuteleza chenye fremu ya alumini, mtu akisimama mbele yake anajiona jinsi anavyotoka jasho. Ndani akaweka kiyoyozi. Shingoni akaweka tai. Kariakoo, saa saba mchana, katikati ya wabeba mizigo, mtu na tai! Akaanza kusema "kimataifa" kila baada ya maneno mawili, kama mtu mwenye kwikwi.

Ningevumilia. Kioo ni kioo tu, na tai itamnyonga mwenyewe. Lakini aligusa anwani.

Unakumbuka tulivyoanza, wewe na mitambo yako, mimi na kaunta? Ile kompyuta kuukuu uliyoinunua kwa jamaa wa kutoka Dubai, enzi hizo ruksa ya kuingiza bidhaa imeshazoeleka na kila mtu Kariakoo ni mwingizaji wa kitu fulani. Wenzako waliingiza viatu na redio, wewe ukaleta kopo la chuma linalounguruma. Ukasema hii itakaa macho mchana na usiku, na ndani yake kutakuwa na chumba cha maongezi. Mtu wa Maskati ataingia, wa Uingereza ataingia, wa hapa ataingia, wote watasikiana kama wamekaa sebule moja. Nikakucheka. Kisha dada yako Rukia akaingia kutoka Maskati, na mama yako akaisikia sauti yake ndani ya vipokea sauti, akavivua akavitazama ndani kwa jicho moja. Sikucheka tena.

Shida ilikuwa kufika. Chumba kilikuwa na anwani ya tarakimu, rundo zima lenye nukta katikati, na wale wa mtandao wakijisikia tu wanaibadilisha. Wiki hii watu wanaingia, wiki ijayo wanabisha kwa jirani asiyejulikana. Ndipo ukasema tununue jina. Ulinieleza kwa namna ambayo sijaisahau: tarakimu ni nyumba ya kupanga, mtu huhama, lakini jina lake huhama naye, na anayemtafuta huuliza jina. Wateja wakaanza kubishana jina gani. Mmoja anataka simba, mwingine anataka Bongo. Mama yako, aliyekuwa amekaa kwenye benchi akisubiri zamu, akasema, "Nyie mnahangaika nini? Si hapa ni mlango wa kijani?" Ukaandika palepale: mlangowakijani. Neno moja. Hata Rukia, mpishi wa watu huko Maskati, analishika kichwani, hahitaji kuliandika hata kiganjani.

Na ukaongeza lako. Ukasema chumbani humo hatuonani, kwa hiyo anayeingia abishe hodi kama mtu aliyelelewa, na aliyemo ajibu karibu ndipo maongezi yaanze. Watu walilipenda hilo kuliko mtambo wenyewe. Nakumbuka yule mzee wa Ilala aliyekuwa anavua kofia kabla ya kubisha.

Sasa sikiliza alichofanya mtu wako wa watu. Alinunua kompyuta mpya, nyeusi, ya kung'aa, akatengeneza chumba kipya na kukipa anwani ya kimataifa. Anwani hiyo ina maneno manne ya Kiingereza, vistari vitatu, na tarakimu mwishoni kwa sababu eti ile isiyo na tarakimu ilishachukuliwa na wengine. Yeye mwenyewe akiulizwa anatoa kadi mfukoni na kuisoma. Nilimwambia, Kaka Fadhili, jina hili nani atalikumbuka? Akanitazama kwa huruma, kama vile mimi ndiye nimevaa tai kwenye joto. Akasema, "Dada Tausi, tatizo lako una mawazo ya uswahilini. Mlango wa kijani ni anwani ya muuza mkaa." Debe tupu, na lilivuma siku hiyo mpaka mwisho wa uchochoro.

Nikamuuliza watu wa nje watajuaje. Akasema ameshawapelekea barua pepe wote, kwa Kiingereza. Kwa Kiingereza, Hemedi! Kwa Rukia, ambaye siku zote ana sufuria mkononi katika nyumba ya watu, anatoka Ijumaa tu baada ya Alasiri, na anachokijua cha mtandao ni neno moja ulilomfundisha wewe.

Lazima nikwambie kuhusu Rukia, na hapa nitakwenda polepole. Hakuja kukuzika. Tajiri wake ameishika pasipoti yake na hakuitoa. Siku ya khitma mama yako, kwa uchungu, alitamka mbele za watu kwamba ana watoto wawili, mmoja kazikwa na mwingine kamsusa. Maneno ya msibani hayana breki. Mtu akayabeba mpaka Maskati.

Ijumaa zikaanza kupita. Mama yako anakuja, kajifunga kanga safi, anakaa mbele ya kompyuta ya kimataifa, anavaa vipokea sauti na kusubiri. Hakuna hodi. Nilikuwa namwangalia nikiwa kaunta. Baridi ya kile kiyoyozi inamtetemesha, anajikunja, havivui. Fadhili anapita nyuma yake akijibizana na simu yake. Nilipiga ile namba ya tajiri wa Rukia mpaka kidole kikaota sugu, haikupokelewa. Ijumaa moja mama yako alivivua taratibu, akavilaza mezani, akaniambia, "Tausi mwanangu, usinifiche. Na huyu kafa?" Nilimwambia mtandao unasumbua. Siku hiyo Fadhili aliniudhi mpaka jinsi anavyopumua.

Ijumaa iliyofuata karatasi za printa zikaisha, nikaenda stoo.

Unaijua stoo yetu. Fadhili alikuwa ameisukumia huko kompyuta yako pamoja na vile vispika vyako viwili na kipaza sauti ulichokifunga kwa raba, maana ulikuwa hutaki kuvizima, ukisema mlango lazima uwe na sikio. Huko iliunguruma peke yake gizani, bado imechomekwa umeme na mtandao, vispika na kipaza sauti vikiwa wazi, nami siku zote nilidhani alishaizima. Unajua kwa nini haikuzimwa? Si kwa heshima yako. Fadhili hajui inafanya nini, akaogopa akiizima na biashara yote itazimika. Meneja wa kimataifa anaiogopa kompyuta kama jini! Namshukuru Mungu kwa ujinga wa Fadhili. Kwa mara ya kwanza ulitufaa.

Nimeinama kwenye maboksi, nikasikia mtu anasema hodi.

Kaka, nitasema ukweli. Sauti ya Rukia ikichujwa na vile vispika inafanana na yako. Mkono wangu ulibaki kwenye boksi. Nilidhani, haya basi, umerudi, nitakwambia nini kuhusu mlango. Kwa muda mfupi sana nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Dar es Salaam.

Ikaja hodi ya pili. Taratibu, ya mtu aliyezoea kutojibiwa.

Ndipo nikaelewa. Wewe umekufa, Fadhili amehamisha watu wote kwenda chumba kingine, lakini jina lako bado lilikuwa linaelekeza kwenye mashine yako. Rukia hakupotea hata siku moja. Kila Ijumaa alikuja palepale ulipomwonyesha, akabisha, asijibiwe, na kwa kuwa amelelewa vizuri, baada ya hodi ya tatu aliondoka. Ndivyo tulivyofunzwa sote. Mwenye nyumba asipokujibu mara tatu, hataki, geuka uende zako. Aliamini mama yake yumo ndani, anamsikia, na amekataa kufungua. Na huku mama yake, hatua chache kutoka hapo, nyuma ya ukuta, anamngojea mtoto anayedhani amefariki.

Hodi ya tatu niliirukia kama mtu anayewahi chungu kisifurike. Nilipiga kelele, "Karibu! Karibu Rukia, usiondoke, usiondoke!" Sikumngoja ajibu. Nikatoka mbio, nikamvua mama yako vile vipokea sauti, nikamshika mkono. Alidhani nimepata habari mbaya. Nilimkalisha kwenye boksi la karatasi, mbele ya kopo lako.

Sitakuandikia yote waliyosema, ni yao. Nitakuandikia la kwanza tu. Mama yako alisema, "Karibu mwanangu. Mbona umekaa nje siku zote hizo?" Upande wa pili kulikuwa na mtu mzima analia ugenini kwa watu.

Na katikati ya hayo, nani anatokea mlangoni? Tai. Ikafuatiwa na Fadhili. Akasema, "Dada Tausi, wateja hawaruhusiwi stoo." Nilimtazama, Hemedi. Unajua nikitazama. Nilitafuta tusi la kumtosha nikakosa, matusi yote niliyoyajua niliona yanampa hadhi. Nikamwambia tu, funga mlango, unaingiza baridi.

Baada ya hapo mambo yalikuwa mepesi. Mama yako aliomba apewe mashine ya mwanawe, na Fadhili, nilipomhakikishia biashara yake haitazimika, alifurahi kupata nafasi ya kuweka makopo ya rangi. Hakuuliza lile jina la mtandaoni ni la nani. Asiyejua maana haambiwi maana. Tukaibeba mimi na Mzee Jayanti kwenye gari lake, yeye akiendesha, mimi nimeipakata kama kitoto, mpaka Ilala kwa mama yako, chumba cha mbele, karibu na dirisha. Tarakimu zote zilibadilika, jina halikubadilika. Ulisema jina huhama na mtu. Limehama, nami nikaiacha kaunta ya Fadhili nikalifuata.

Watu wamerudi. Yule mzee wa kofia yupo, na hapa Ilala ni jirani, anakuja na kandambili. Rukia kila Ijumaa. Pasipoti bado, lakini sasa mama yake ndiye anayemfundisha maneno ya kumwambia tajiri, na kwa jinsi ninavyomsikia, namwonea huruma tajiri.

Na Fadhili? Nilipita uchochoroni juzi. Nikamkuta mama mmoja na binti yake wamesimama mbele ya kile kioo, wanamuuliza yeye mwenyewe, "Samahani baba, mlango wa kijani ni wapi?" Hakuna mlango, hakuna kijani, na Kariakoo nzima bado inapaita hivyohivyo, wauza vitenge, wabeba mizigo, hadi fundi aliyeung'oa. Akanyoosha kidole kuelekea Ilala, tai imempinda. Sikusimama kumsalimia.

Ule mlango wenyewe Mzee Jayanti aliuokota jalalani. Umeegemea ukuta wa mama yako, nje, haufungi chochote. Kuku wanalala kivulini mwake. Nitaupaka rangi ileile mvua zikipita.

Nimechoka sasa, na hasira imepungua, na ikipungua naona kilichokuwa chini yake, kwa hiyo niache kabla sijakiona chote. Nimekukumbuka, Hemedi. Kiti chako sikalii. Nakaa kwenye benchi la wateja, karibu na vispika.

Lala salama, kaka. Ahadi yangu ni moja. Maadamu niko hai na umeme upo, hakuna mtu atakayebisha kwenye mlango wako mara ya pili. Nitajibu ya kwanza, niwe nakula, niwe nasali nitaharakisha salamu, nitajibu. Nawe siku nitakapokuja huko, nikisema hodi, usinifanyie utani wako wa kunyamaza. Nitabisha mara moja tu.

Mdogo wako,
Tausi