Shingo Nyeusi Mnadani

Mwangaluka, mjukuu wangu Kabula. Hapa Bariadi hatujambo, ng'ombe wa babu yako amezaa.

Eti pete uliyonunua dukani imekugeuza kidole kijani, na muuzaji anasema mali ikiuzwa hairudi? Nimekasirika mpaka chai imepoa!

Enzi za ruksa, biashara zilipofunguliwa, nikiwa msichana, nilinunua mnadani mkufu wa "dhahabu". Wiki haikuisha, shingo ikawa nyeusi. Nikaurudisha. Muuzaji akacheka: "Dada, risiti iko wapi?"

Nikamjibu: "Kwetu hata ng'ombe wa mahari akionekana mgonjwa anarudishwa, sembuse bati lako!"

Akanipa kisogo. Nikakaa mbele ya meza yake, nikateremsha kanga, kila mwanamke aliyekuja nikamwonyesha shingo. Hakuuza hata kipini. Jioni akanirudishia hela, akiniomba niondoke.

Kesho rudi dukani. Usipige kelele. Kaa mlangoni, nyoosha hicho kidole cha kijani, kila mteja akione.

Bibi yako