Kwa Nini Bado Nasema "Nakwenda Mjini"

Mpendwa mjukuu wangu Rehema,

Marahaba. Huku Lukwale hatujambo. Goti la bibi yako limepata nafuu, naye ameanza tena kunigombeza.

Unauliza kwa nini nasema "nakwenda mjini" ilhali mji wa Morogoro umekwisha kutuzunguka. Nilipohamia hapa kutoka Gairo, Lukwale kilikuwa kijiji chenye soko lake. Mimi, mwalimu mgeni, nilikuwa nikitafuta chumba mjini, kwa kuwa sikujiona mtu wa hapa.

Asubuhi moja ya masika, bibi yako alishikwa na uchungu wa kumzaa mama yako. Wanaume waliacha majembe, tukambeba kwa kitanda kwenda hospitali ya mjini.

"Mwalimu, shika vizuri! Kitanda si chaki!" jirani yangu Mzee Salumu alinitania.

Kabla hatujafika darajani, mpakani mwa kijiji na mji, wanawake waliotufuata walimzingira bibi yako kwa kanga zao, na mtoto akalia.

Hospitalini muuguzi aliuliza, "Mtoto amezaliwa hapa mjini?"

"Hapana," walijibu majirani wote kwa pamoja. "Huyu ni wa kwetu, na baba yake pia."

Sikutafuta tena chumba mjini.

Mungu akutunze huko uliko.

Babu yako