Nilichokisoma Kwenye Ukuta wa Machimbo

Nyumbani kwa Mama,
Nyuma ya stoo ya mbao.
Jumapili, 14 Septemba.

Mpendwa Baba Mdogo,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe, mama mdogo na wadogo zangu ambao nawajua kwa picha tu. Mgongo bado unakusumbua? Shangazi alituambia siku hizi unalala sakafuni kwa sababu ya maumivu. Sisi hatujambo. Mama analalamikia magoti, lakini anashona kama kawaida, na cherehani yake ina kelele kuliko yeye.

Najua utashtuka kuona mwandiko wangu. Miaka kumi na mmoja sijakuandikia hata mstari. Acha niende moja kwa moja, maana nikianza kuzunguka nitaichana hii karatasi.

Niko mwaka wa pili chuoni, nasomea miamba. Majirani wanacheka, eti nimesoma kote huko ili nirudi kwenye mawe. Alhamisi iliyopita mhadhiri wetu alitupeleka ziara ya siku nzima. Tulikuwa kumi na wanane, kila mtu na nyundo, dira na daftari lake. Asubuhi tulishuka kwenye korongo la mto, tukaona mawe ya chokaa yenye makombe ya konokono wa zamani ndani yake. Nilifurahi kama mtoto. Hakuna aliyenitajia kwamba baada ya kula tungekwenda machimboni. Nililitambua geti kabla basi halijasimama.

Yamefungwa siku nyingi. Mashine ya kusaga kokoto imebaki kutu tupu, na majani yameota mpaka juu ya mzani wa malori. Ukuta uko palepale, na chini yake lile rundo la mawe ambalo hakuna aliyewahi kuliondoa. Baba yumo humo, pamoja na mpasua mawe mwenzake waliyemwita Msumari. Wenzangu walipanda juu ya rundo kupiga picha.

Mhadhiri, ambaye sisi humwita Nyundo kwa sababu haiachi hata akienda kula, alisimama mbele ya ukuta akatuuliza tunaona nini. Kisha akatuonyesha tabaka jembamba la udongo wa mfinyanzi, rangi ya kijivu, lililobanwa katikati ya mawe magumu. Limeinama kuelekea shimoni. Mvua ikinyesha, maji yanapenya kwenye nyufa za juu, udongo unalainika, na kila kilicho juu yake kinateleza. Na wachimbaji waliagizwa kukata mguu wa ukuta hasa pale, mwaka hadi mwaka.

"Huu ulikuwa unasubiri tu," alisema, akacheka kidogo.

Nikamuuliza kama baruti ingeweza kuuangusha. Akafikiri, akasema ingeweza kuuharakisha, labda kwa siku chache, lakini hata bila baruti ungeshuka na mvua zilezile. Nakuandikia kama alivyosema, Baba Mdogo. Wewe ndiye uliyekuwa fundi baruti, wewe ndiye uliyelipua asubuhi ile, na saa sita, watu wakiwa wamesharudi kazini, ukuta ukawashukia. Siwezi kukudanganya kwamba mlipuko wako haukugusa kitu.

Lakini tulipanda juu, kwa njia ya pembeni. Upande ambao haukuporomoka ufa bado unaendelea, mtu anaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Na juu ya ufa huo kuna vipande vitatu vya kioo, kila kimoja kimebandikwa kwa saruji huku na huku, kama plasta juu ya kidonda. Nikauliza ni nini.

"Vya kupimia," Nyundo akajibu. "Kioo kikivunjika, ujue ufa unapanuka. Mtu alikuwa anaufuatilia."

Kwenye saruji waliandika tarehe kwa msumari ilipokuwa mbichi. Nilipiga magoti nikazisoma, nikazipiga picha. Ya kwanza ni wiki tano kabla ya kifo cha baba. Ya pili, wiki mbili na nusu. Ya tatu, siku nne. Vioo vyote vimevunjika. Cha tatu huenda kilivunjika siku yenyewe, sijui. Lakini mtu habandiki cha pili mpaka cha kwanza kimeshavunjika. Walijua. Walijua, na ripoti ya kampuni ikaandika "uzembe wa fundi baruti."

Hapo ndipo nilipomwambia mhadhiri, "Mwalimu, baba yangu yumo kwenye yale mawe." Alikaa chini palepale vumbini. Hakuna aliyeandika tena kitu siku ile.

Nilimwonyesha Mama picha. Aliweka kidole kwenye ile tarehe ya tatu, akasema, "Hii ndiyo wiki waliyohamisha ofisi." Akanieleza kwamba kibanda cha msimamizi kilikuwa chini ya ukuta, na wiki ile wakakipeleka ng'ambo ya barabara. Baba alirudi akilalamika amebeba makabati mchana kutwa. Waliambiwa ni kwa sababu ya vumbi.

Nilikwenda ofisi ya kazi. Kampuni haipo tena, na yule msimamizi, wanasema, hamtambui hata mkewe. Karani alinihurumia, akanirudishia picha zangu. Kwa hiyo sina wa kumpelekea jambo hili ila wewe.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili siku ile barazani. Nilisema mbele ya waombolezaji wote, "Wewe ndiye umemuua baba." Ulikuwa umeshika kikombe cha chai. Ulikiweka chini polepole, ukatoka, na wiki ile ile ukaondoka nchini. Bibi alikufa bila kutaka kulisikia jina lako, na hilo siwezi kulirekebisha. Ninachoweza ni kukuomba msamaha kwa maneno yangu mwenyewe. Nakuomba, Baba Mdogo. Hata usiponijibu, nitaelewa.

Shangazi anakusalimu sana, na kaka mkubwa pia, ingawa yeye amesoma barua hii akatoka nje. Mpe muda. Nisalimie mama mdogo na watoto.

Mama amenitaka niandike haya kama alivyoyasema: "Shemeji, mimi nilimlilia mume wangu, wewe hukupewa nafasi ya kumlilia kaka yako. Njoo. Tutakwenda pale kwenye mawe sote wawili."

Mungu akulinde na akupe usingizi.

Ni mimi mwanao, nikupendaye hata nilipokuwa sijui kusema,

Kokoto