Baruti Aliyoongeza Shemeji

Jumamosi, Februari 1996

Na vidole vyangu vyote bado viko, kwa neema ya Mungu, si ya shemeji.

Leo nilikuwa besimenti najaza baruti upya kwenye maganda matupu ya risasi za bastola. Risasi nilizimimina mwenyewe kwenye kalibu wiki jana. Baruti hii inawaka upesi mno, kwa hivyo naipima kwa mizani, na kila ganda linapata punje chache tu pale chini. Ukizidisha, bastola inakupasukia mkononi.

Mama Ciku akaniita juu, simu ya kazini, eti niende nifanye shifti ya mtu. Nikamwacha kaka yake, Kamau, pale mezani na chai yake. Nikamwambia asiguse kitu.

Kumwambia Kamau asiguse kitu!

Kurudi, nakuta maganda yote yamejaa hadi mdomoni, naye anapangusa mikono kama mtu aliyemaliza kupakulia wageni.

"Shem, ulikuwa umeweka kidogo sana," akasema. "Nikaona ni aibu, nikakuongezea."

Nilipiga kelele. Nikamwaga yote. Akaondoka bila kumaliza chai.

Kinachonisumbua ni kwamba angeongeza kidogo tu, nisingegundua. Kesho ningefyatua, na...

Mama Ciku haongei nami. Amesema neno moja tu, akiwa mlangoni: kaka yake ameniona na ile mizani, na sasa ameelewa kwa nini nyama niliyowapakulia Krismasi haikutosha.